Tuache Kulisujudia Darasa la Nne la Mkoloni

Utaisikia msibani wazee wakipiga soga, utaisikia kijiweni, redioni asubuhi, hata kwa watunga sera: "Darasa la nne la mkoloni ni zaidi ya kidato cha nne cha leo." Wengine hupandisha dau na kusema ni zaidi ya digrii. Anayeisema haoni haja ya kutoa ushahidi, na wanaomsikiliza huitikia kwa kichwa. Nimeisikia tangu utotoni. Nimewasikia hata walimu wakiisema mbele ya wanafunzi wao wenyewe, watoto waliotembea kilomita kadhaa alfajiri ili wafike shuleni, nao wakaambiwa kwamba wanachokifuata hakina thamani kwa kuwa elimu ya kweli ilikwisha zamani.

Naandika kuipinga kauli hiyo, na ili niipinge kwa haki nitaanza kwa kuieleza kama wenyewe wanavyoieleza.

Hoja yao ni hii. Shule ya mkoloni ilikuwa na mwalimu aliyefunzwa na kuheshimiwa, darasa lenye watoto wa kuhesabika, mkaguzi aliyefika kweli, na mtihani usiovuja. Mtoto alimaliza darasa la nne akisoma gazeti, akiandika barua kwa mwandiko safi na kupiga hesabu bila kuandika popote. Leo, tafiti za Uwezo za kupima kusoma na kuhesabu kwa watoto, zilizoanza kutolewa mwaka 2010, zimeonyesha mara kwa mara kwamba wapo watoto wanaomaliza darasa la saba bila kuweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya darasa la pili. Februari 2013, matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012 yalipotangazwa, takriban watahiniwa sita kati ya kila kumi walikuwa wamepata sifuri, na nchi nzima ilishtuka. Kwa hiyo, wanahitimisha, mkoloni alijua kuendesha shule na sisi hatujui. Uhuru uliharibu elimu, na dawa ni kurudi tulikotoka: mchujo mkali, viboko, na Kiingereza kuanzia chini.

Matokeo ya 2012 ni ya kweli, na watoto wasiojua kusoma wapo. Ninachokikataa ni hitimisho, na nitalikataa hoja kwa hoja.

1. Shule ile ilijengwa kwa ajili ya mtawala

Mjerumani alipoanza kuutawala mwambao hakukuta watu wasiojua kusoma. Kwa karne nyingi watoto wa Kilwa, Bagamoyo, Pangani, Tanga na Unguja walikuwa wakipelekwa chuoni, wakikaa mkekani mbele ya mwalimu na mbao zao, wakianza na herufi moja moja hadi kuhitimu msahafu. Kiswahili chenyewe kilikuwa kikiandikwa kwa herufi za Kiarabu, katika barua za biashara, hati za mashamba na tenzi. Utawala mpya uliwatumia wasomi hao hao kuwa makarani na maakida, kwa sababu bila wao usingeweza hata kupeleka barua kwa liwali. Nazo shule za misheni zilikuwapo kabla ya koloni. Mapadri wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868 na kuanza na watoto waliokombolewa utumwani, na Waanglikana wa UMCA walikuwa na chuo chao Kiungani, Unguja.

Serikali ya Kijerumani ilipofungua shule yake Tanga, mwanzoni mwa miaka ya 1890, haikuwa inawatoa watu gizani. Ilihitaji makarani wake yenyewe, wakusanya kodi na walimu wa kuwazalisha makarani wengine, wanaoandika kwa hati ambayo afisa wa Kijerumani angeweza kuisoma mwenyewe. Vita ya 1914 ikaja, walimu wakatawanyika, wamisionari wa Kijerumani wakakamatwa, na shule nyingi zikafungwa.

Mwingereza aliyefuata aliunda idara ya elimu mwaka 1920. Mwaka 1924 Tume ya Phelps-Stokes, ikiongozwa na Thomas Jesse Jones na akiwemo Dakta James Aggrey wa Ghana ya leo, ilizunguka Afrika Mashariki na kupendekeza elimu inayofanana na maisha ya kijijini: kilimo, afya, kazi za mikono. Mwaka uliofuata London ilitoa sera yenye mwelekeo huohuo kwa makoloni yake ya Afrika. Mwaka huo huo wa 1925 Gavana Donald Cameron alifika Dar es Salaam na mpango wa kutawala kupitia machifu. Machifu wa kesho walihitaji kufunzwa, na hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya Shule ya Tabora, iliyokusanya watoto wa watawala wa jadi na kuwalea kwa mfano wa shule za bweni za matajiri wa Uingereza. Huko Malangali, Iringa, W. B. Mumford alijaribu njia nyingine, shule iliyofuata mila za Wahehe. Tabora na Malangali hazikufanana kwa sura, lakini zote mbili zilikuwa zikijibu swali moja: Mwafrika afundishwe nini ili nchi itawalike?

Hilo ndilo swali lililozaa darasa la nne la mkoloni. Watoto wengi walipewa miaka minne kwa sababu, kwa hesabu ya mtawala, miaka minne iliwatosha watu wa kulima pamba, kukata mkonge na kulipa kodi, na wachache wakapandishwa juu kuwa makarani na walimu. Anayeisifu shule ile kwa ubora wake ajiulize kwanza ilikuwa bora kwa kazi gani.

2. Tunawahesabu waliopita, hatuwahesabu waliochujwa

Hapa ndipo penye kosa kubwa zaidi la kauli hii, na ni kosa la hesabu.

Safari ya mtoto wa Kiafrika ilikuwa hivi. Darasa la kwanza hadi la nne, kisha mtihani. Walioshinda waliingia shule ya kati, darasa la tano hadi la nane, kisha mtihani. Wachache waliopita hapo wakaenda hadi darasa la kumi, wakakutana na mtihani mwingine. Na wachache wa wachache hao ndio waliofika darasa la kumi na mbili na kufanya mtihani uliosahihishwa kwa vipimo vya Cambridge. Kila ngazi ilikuwa chekecheke yenye matundu madogo kuliko ya ngazi iliyotangulia. Na kabla ya chekecheke ya kwanza kulikuwa na mamilioni ambao hawakuwahi kufika hata mlangoni.

Tazama kilichobaki mwishoni. Katika andiko lake la *Elimu ya Kujitegemea* la Machi 1967, Mwalimu Nyerere alitoa hesabu ya mwaka wa uhuru. Nchi iliyokuwa na watu wapatao milioni 10 ilikuwa na watoto wapatao 490,000 katika shule za msingi, wengi wao wakiishia darasa la nne. Sekondari walikuwamo wanafunzi 11,832 tu. Kidato cha sita walikuwa 176.

Watu 176, baada ya zaidi ya miaka 40 ya utawala wa Mwingereza. Ukiwatafuta vijana 176 hodari kuliko wote katika nchi ya watu milioni 10, utawapata wenye akili kali mno, na shule yoyote ile itaonekana bora ikiwa nao. Wazee tunaowakumbuka kwa Kiingereza chao na hesabu zao walikuwa wamechaguliwa mara tatu au nne kabla hatujawajua. Wenzao waliobaki nyuma hawakuacha barua, hawakuwa makarani, hawakupewa nafasi ya kusimulia. Kwa hiyo tunalinganisha kilele cha zamani na wastani wa leo, kisha tunalia kwamba wastani umeanguka.

Sasa chukua mwaka wetu mbaya kuliko yote, huo wa 2012, uliogeuzwa kuwa ushahidi wa kuanguka. Waliopata daraja la kwanza hadi la tatu, watahiniwa wa shule peke yao, walikuwa zaidi ya 23,000. Hao ni wa mwaka mmoja na kidato kimoja, na bado ni karibu mara mbili ya wanafunzi wote waliokuwamo katika vidato vyote vya sekondari mwaka 1961. Idadi ya watu nayo imeongezeka, kutoka milioni 10 hadi karibu milioni 45 katika sensa ya 2012, lakini hata ukiigawa hesabu kwa ongezeko hilo, bado mwaka wetu wa aibu unawapita kwa mbali wahitimu wa kidato cha nne wa enzi ile. Mkoloni hakuwahi kupata matokeo ya kutisha kama ya 2012 kwa sababu watoto ambao wangefeli hakuwaruhusu kufika kwenye chumba cha mtihani.

Sisemi hivyo ili kuyatetea matokeo ya 2012, maana kijana aliyekaa miaka kumi na moja darasani akatoka na sifuri amedhulumiwa. Lakini dhuluma hiyo tunaiona kwa kuwa amehesabiwa. Mwenzake wa mwaka 1950 alidhulumiwa zaidi na hakuna aliyemhesabu.

3. Kiingereza cha darasa la nne hakikuwapo

Ushahidi unaopendwa kuliko wote ni Kiingereza. "Babu yangu aliishia darasa la nne, lakini Kiingereza chake!" Wanasahau kwamba katika shule za msingi za Waafrika wa Tanganyika lugha ya kufundishia ilikuwa Kiswahili. Kiingereza kilishika usukani katika ngazi za juu, kule walikofika wachache. Mwenye Kiingereza cha kusifiwa kwa kawaida alipita shule ya kati au zaidi, au alikipata kazini, kwa miaka, katika ofisi ya bwana shauri, jeshini au nyumbani kwa Mzungu. Hayo ni mafanikio yake mwenyewe, na si haki kuyakabidhi kwa darasa la nne.

Hoja hii inajipinga pia kwa namna nyingine. Watu hao hao wanaodai Kiingereza kianze chekechea wanaisifu shule iliyofundisha miaka yake ya kwanza kwa Kiswahili. Kama watoto wa zamani walimaliza darasa la nne wakisoma na kuhesabu vizuri, basi walijifunza kusoma na kuhesabu kwa lugha waliyoielewa. Hilo ni somo la kuchukua, lakini wasifiaji hawalichukui, kwa sababu kwao kipimo cha akili ya mtu ni namna anavyotamka maneno ya Mwingereza. Kipimo hicho nacho kilitoka kwa mkoloni, naye alikihitaji: karani asiyemwelewa bosi wake hafai. Sisi kinatufaa nini? Kinamfanya mama anayeuza vitumbua ajinyime ili ampeleke mwanawe shule ya kulipia ambako mtoto atakariri nyimbo za Kiingereza na kurudi nyumbani bila kuelewa kutoa na kugawanya. Kinamfanya kijana mwenye hoja nzuri anyamaze kwenye usaili. Huo ndio urithi wa kauli yetu, na unalipiwa kila siku.

4. Waliokuwapo hawakuiona hivyo

Kama shule ya mkoloni ilikuwa bora kiasi hicho, waliosoma humo na waliopeleka watoto wao wangekuwa wa kwanza kuridhika nayo. Historia inasema kinyume.

Nchini Kenya, baada ya ugomvi na wamisionari mwaka 1929, wazazi wa Kikuyu walianza kujenga shule zao wenyewe kwa michango yao, nje ya mamlaka ya misheni. Mwaka 1939 walifungua chuo cha walimu Githunguri chini ya Peter Mbiyu Koinange. Mwaka 1949 Tume ya Beecher ilipopendekeza mfumo wa miaka minne minne, wenye mtihani wa kuwazuia wengi mwishoni mwa darasa la nne, Waafrika waliupinga kwa nguvu, kwa sababu waliona wazi unavyowafungia watoto wao mlango. Wazazi wale walikuwa wanalikataa darasa la nne lile lile ambalo wajukuu wao wanalisifu. Hali ya hatari ilipotangazwa mwaka 1952, serikali iliwafungia shule hizo.

Tanganyika nayo ilikuwa na jibu lake. Mwaka 1955, mwaka mmoja baada ya TANU kuzaliwa, iliundwa TAPA, jumuiya ya wazazi wa Kiafrika, na wazazi wakaanza kujenga shule kwa miti na udongo ili watoto waliokosa nafasi wapate pa kukaa. Mtu hajengi shule kwa mikono yake, akiwa amekwisha kulipa kodi, kama iliyopo inamtosha.

Na Mwalimu Nyerere mwenyewe? Wasifiaji humtaja yeye kuwa ushahidi wao mkuu: tazameni mtu aliyetoka katika shule ya mkoloni. Tutazame basi. Alikuwa mtoto wa chifu wa Wazanaki, na bado alianza shule ya Mwisenge, Musoma, mwaka 1934 akiwa na umri wa miaka kumi na miwili. Alipita Tabora, Makerere na Edinburgh. Alipopata madaraka alitumia nguvu zake kuuvunja mfumo uliomlea. Ubaguzi wa shule za Wazungu, Waasia na Waafrika ulifutwa rasmi kwa sheria iliyoanza kazi mwaka 1962, na miaka mitano baadaye akaandika kwamba elimu tuliyorithi inawafundisha vijana wachache kujiona bora kuliko wazazi wao na kuwaacha wengi wakijiona wameshindwa. Aliyasema haya mtu aliyeijua shule ile kutoka ndani, akiwa mwanafunzi kisha mwalimu. Kumtumia kuitetea ni kumziba mdomo.

Vivyo hivyo kuhusu nidhamu. Tunaambiwa shule zile zilijenga watu wenye nidhamu kwa kiboko na kengele. Lakini wasomi wa enzi ile tunaowaheshimu ni wale waliokataa kutii. Makarani na walimu waliounda African Association mwaka 1929, na warithi wao walioanzisha TANU mwaka 1954, hawakupendwa na wakuu wao kwa nidhamu ya aina hiyo. Tunawasifu kwa ujasiri wao, kisha tunaupa sifa utiifu ambao wao waliuvunja.

5. Bei iliyolipwa na wasiosimuliwa

Bibi yangu mzaa mama alikuwa mkulima wa pamba Usukumani. Hakuwahi kuketi darasani enzi ya mkoloni. Shule ilikuwa mbali, ada ilikuwapo, na alikuwa msichana. Kaka mmoja tu ndiye aliyepelekwa. Kila msimu alibeba pamba yake hadi kwenye ghala la chama, mpima mizani akatamka uzito, karani akaandika, naye akaweka dole gumba kwenye stakabadhi. Hakujua kilichoandikwa. Alijua tu jinsi lile furushi lilivyomlemea shingo njiani, na kwamba uzito uliotamkwa haukufanana na maumivu yale. Barua za mumewe kutoka kwenye mashamba ya mkonge alisomewa na jirani, mtu wa darasa la nne, aliyeheshimiwa sana kijijini kwa sababu siri za nyumba zote zilipita mikononi mwake.

Hapo ndipo hadhi ya darasa la nne la mkoloni ilipotoka kwa sehemu kubwa. Mtu mmoja alijua kusoma kwa sababu hamsini walinyimwa, na ujinga wao ndio uliompandisha. Ukiwapa wote hamsini kusoma, yeye hapungukiwi na chochote alichojifunza. Anapungukiwa na ufalme. Wengi wanaoomboleza kushuka kwa elimu wanaomboleza kushuka kwa ufalme huo bila kutambua.

Sensa ya kwanza baada ya uhuru, ya 1967, iliikuta nchi ikiwa na takriban theluthi mbili ya watu wazima wasiojua kusoma na kuandika. Hiyo nayo ni kazi ya shule ya mkoloni, na lazima iandikwe katika hesabu yake. Bibi yangu alikutana na herufi katika miaka ya 1970, kwenye darasa la elimu ya watu wazima, chini ya mwembe, akiwa na wajukuu. Siku alipotia saini stakabadhi ya pamba kwa jina lake, alimwomba karani amgeuzie mizani aone mwenyewe. Hakuna mtihani wa Cambridge uliowahi kupima kitu cha namna hiyo.

6. Je, uhuru uliharibu?

Inabaki hoja ya mwisho, nayo ndiyo nzito kuliko zote: kwamba hata kama mkoloni aliwabagua watu, sisi tulipanua shule hadi zikakosa maana.

Ni kweli tulipanua kwa haraka. Azimio la Musoma la 1974 lilitaka kila mtoto aingie shule ya msingi ifikapo 1977. Walimu hawakutosha, kwa hiyo maelfu ya vijana waliomaliza darasa la saba walifunzwa ualimu wakiwa kazini, na madarasa yakafurika. Ubora ulishuka, na si vizuri kulificha hilo. Lakini ulishuka kutoka wapi? Kwa mtoto aliyekuwa na nafasi tangu zamani, ulishuka. Kwa mtoto ambaye asingeingia kabisa, ulipanda kutoka sifuri. Anayehesabu hasara ya yule wa kwanza peke yake amekwisha kuchagua mtoto gani ana thamani.

Na upungufu wa walimu wenyewe ulitoka wapi? Nchi inayoanza uhuru wake ikiwa na wanafunzi 176 wa kidato cha sita haiwezi kuzalisha walimu wenye shahada kwa maelfu ndani ya miaka kumi na mitano. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961 kikiwa na kitivo cha sheria na wanafunzi wasiofika ishirini. Shule zetu zilikosa walimu katika miaka ya 1970 kwa sababu mkoloni hakuwasomesha watu katika miaka ya 1940 na 1950. Kisha vikaja vita vya Kagera, bei ya mafuta, madeni, na masharti ya wakopeshaji ya miaka ya 1980. Michango na ada zikarudi, na watoto wakapungua shuleni hadi ada ya msingi ilipofutwa tena mwaka 2001.

Kuna jambo jingine ambalo wasifiaji hawalijibu. Wakuu wa wizara, wakaguzi, wakufunzi wa vyuo na waandishi wa vitabu wa miaka ya 1970 na 1980 walikuwa wamesomeshwa na mkoloni, karibu wote. Ikiwa shule ile ilitoa watu bora kiasi kinachosemwa, ilikuwaje elimu ikaporomoka mikononi mwao? Na ikiwa tatizo halikuwa watu bali fedha, idadi na sera, basi fedha, idadi na sera ndiyo iwe hoja yetu, tuache kuzungumzia vipaji vya zama zilizopita.

7. Kauli hii inamlinda nani leo

Inawalinda wenye madaraka. Mkubwa anaposema kwamba elimu ya mkoloni ilikuwa bora, haulizwi ruzuku imefika lini wala darasa lina watoto wangapi. Lawama inahamia kwa kizazi: watoto wa siku hizi ni wavivu, walimu wa siku hizi hawana wito, simu zimewaharibu. Hizo ni lawama zisizogharimu hata senti moja ya bajeti.

Tazama mfano mmoja. Mwaka 2002 ruzuku ya uendeshaji kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi iliwekwa shilingi 10,000 kwa mwaka, karibu dola 10 kwa wakati ule. Mpango wa elimu bila ada ulipoanza mwaka 2016, kiwango kilikuwa bado shilingi 10,000, wakati dola 10 zilikuwa zimekwisha kuvuka shilingi 20,000. Kwa fedha hizo shule ilitakiwa inunue chaki, vitabu na karatasi za mitihani, na ifanye ukarabati. Huo ni uamuzi wa watu walio hai, unaobadilika kwa kura na kwa kalamu. Hauna uhusiano wowote na kuondoka kwa Mwingereza.

Vitu ambavyo wazee wetu wanavikumbuka kwa haki vinajulikana: mwalimu aliyefunzwa vizuri na kulipwa akaishi kwa heshima, darasa ambalo mwalimu aliwajua wote kwa majina, kitabu mkononi, mkaguzi aliyekuja kusaidia, na miaka ya kwanza ya kusoma kwa lugha inayoeleweka. Hakuna hata kimoja kinachohitaji koloni, wala kinachohitaji kiboko, wala mchujo wa kuwatupa wengine. Mkoloni alivitoa kwa wachache ili asigharamike kuvitoa kwa wote. Jamhuri haina ruhusa ya kufanya hivyo, kwa sababu watoto wote ni wake.

Kwa hiyo anayeumizwa na hali ya shule zetu, na wapo wengi wanaoumizwa kwa dhati, aache kuturudisha mwaka 1950. Aende kwenye mkutano wa kijiji au kikao cha bodi ya shule, amuulize diwani na mbunge: darasa la kwanza lina watoto wangapi na walimu wangapi, kitabu kimoja wanakisoma wangapi, ruzuku ya mwaka huu imefika kiasi gani, na wangapi wanafika darasa la tatu wakisoma. Majibu yaandikwe ubaoni, wazazi wote wayaone, na diwani na mbunge waulizwe tena maswali hayo hayo mwaka ujao. Ubora wa shule utadaiwa kwa njia hiyo, kwa niaba ya kila mtoto aliyeandikishwa, na hasa yule ambaye shule ya mkoloni isingemfungulia mlango.